Eneo la Viwanda la Manispaa: Mwongozo kwa Watendaji wa Halmashauri

Mwongozo huu ni wa wakurugenzi, maafisa mipango miji, maafisa biashara na wahandisi wa manispaa wanaokusudia kutenga eneo la viwanda na biashara. Halmashauri haina mamlaka ya kusamehe kodi ya mapato wala ushuru wa forodha. Hayo yako mikononi mwa Serikali Kuu. Inachoweza kutoa ni ardhi isiyo na mgogoro, na nafasi ya kuwakutanisha TANESCO, mamlaka ya maji na TARURA meza moja. Nguvu zielekezwe huko kwanza, na vipeperushi vya kuwaita wawekezaji visubiri.

Kahama, mkoani Shinyanga, ni mahali pa kujifunzia. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ulianza uzalishaji mwaka 2009, na ulipofikia ukomo wake ikaamuliwa eneo lake ligeuzwe kuwa eneo maalumu la kiuchumi. Umeme mkubwa, barabara, majengo na uwanja wa ndege vilikuwepo kabla mwekezaji wa kwanza hajaitwa. Pia mji uko kwenye barabara kuu iendayo Rwanda na Burundi, na bandari kavu ya Isaka haiko mbali. Manispaa nyingi hazijaachiwa urithi wa namna hiyo, lakini utaratibu huo unafuatika hata kwenye ekari 50: huduma zitangulie, mteja afuate.

Kabla ya kupima, malizeni fidia. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999, fidia haiishii kwenye thamani ya ardhi na maendelezo yaliyomo. Kuna posho za usumbufu, makazi na usafiri, na faida iliyopotea kwa aliyekuwa akifanya biashara pale. Mthamini akishapita, wananchi huacha kulima na kukarabati nyumba, huku malipo yakisubiri bajeti ya mwaka ujao. Eneo linaloanza hivyo huingia mahakamani kabla halijaingia kwenye ramani. Kama fedha hazipo, punguzeni eneo.

Kwenye usanifu, mchoreni mteja mnayemtarajia. Chukueni kiwanda cha kukoboa mpunga, kwa kuwa mazao ndiyo mtaji wa miji yetu mingi. Kinahitaji umeme wa njia tatu usioyumba, maana mota ikizimika katikati ya kazi mchele hubaki ndani ya mashine. Lori lenye tela likija kupakia linahitaji kona pana; barabara ya ndani iliyopimwa kwa upana wa mtaa wa makazi italilazimisha kurudi kinyumenyume hadi barabara kuu. Kisha kuna pumba. Ndani ya msimu mmoja hurundikana hadi kuupita ukuta, na upepo ukivuma vumbi lake huishia kwenye sufuria za majirani. Sehemu ya kuzikusanya, pamoja na mnunuzi wa kuzichoma kama nishati kwenye tanuri za matofali, ziwe kwenye mpango tangu mwanzo. Tathmini ya athari kwa mazingira, ambayo wengi huiona kama muhuri tu wa NEMC, ndipo mahali pa kuyamaliza haya.

Umiliki ndio unaoharibu maeneo mengi. Viwanja vikiuzwa kwa yeyote mwenye fedha, wanunuzi wa kwanza huwa ni wanaosubiri bei ipande. Matokeo yake ni kuta, mageti na nyasi. Mmilikishwa aliyekiuka masharti ya uendelezaji anaweza kunyang'anywa, ila ubatilishaji wa hati ni safari ndefu inayofika hadi kwa Rais. Ni afadhali halmashauri ibaki na umiliki na kupangisha kwa mkataba wenye hatua zinazopimika: msingi, jengo, mashine, uzalishaji. Hatua ikipita bila kazi, kiwanja kinarudi kwa mujibu wa mkataba wenyewe. Mapato ya kuuza kiwanja huja mara moja. Ushuru wa huduma hutokana na mauzo, kwa hiyo nyasi hazilipi.

Wadogo wasisahaulike. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, ilijenga mitaa ya viwanda yenye majengo ya kupangisha ili fundi aanze na mashine bila kubeba gharama ya ujenzi. Njia hiyo bado inafaa kwa wachomeleaji, maseremala na wasindikaji wa alizeti, na inaweza kuunganishwa na ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ila msiwahamishe mafundi gereji kwa mgambo kwenda mahali pasipofika daladala. Mteja wao hatawafuata, nao watarudi barabarani.

Mwisho, eneo lipate meneja mmoja mwenye madaraka, na ada ya usafi, taa na mifereji itumike humo humo badala ya kumezwa na matumizi mengine ya halmashauri. Taarifa ya robo mwaka kwa Baraza la Madiwani ianze na idadi ya viwanda vinavyozalisha na watu walioajiriwa. Idadi ya viwanja vilivyogawiwa iwekwe kwenye kiambatisho.