Wino wa Printa ya Nyumbani: Mafunzo Niliyopata

Printa yetu inakaa sebuleni, Tabata, na kazi zake ni zile za nyumba nyingi za Dar es Salaam: mazoezi ya mtoto wa darasa la saba, barua za kikoba, kadi za michango ya harusi, nakala za vyeti kila ndugu anapoomba kazi. Mashine hununuliwa mara moja. Wino hununuliwa mwaka mzima, na huko ndiko fedha ya familia inakopotelea bila mtu kuona. Mimi ndiye mnunuzi wa wino nyumbani kwetu, na majirani wengi huniagiza nikienda Kariakoo. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Nenda dukani na namba, si na maelezo

"Ile HP ndogo nyeupe" haimsaidii muuzaji hata kidogo. Nakili modeli kamili iliyoandikwa kwenye printa, pamoja na namba ya katriji iliyomo ndani. Wanaoletewa printa na ndugu wa ng'ambo wawe waangalifu zaidi. DeskJet za jamii ya 2700 zilizouzwa Ulaya hutumia katriji namba 305, na zile za Marekani hutumia 67. Ukizitazama huoni tofauti, ila katriji ya upande mmoja haikubaliwi na mashine ya upande mwingine. Kwa hiyo kabla zawadi haijapanda ndege, uliza namba ya wino wake, kisha uulizie madukani kama wino huo unapatikana.

2. Bei iliyo kwenye rafu haikuambii kitu mpaka uigawe kwa kurasa

Hili ningependa kila mzazi alijue. Kila katriji ina makadirio ya kurasa, ama kwenye boksi ama kwenye tovuti ya mtengenezaji. HP 123 nyeusi ya kawaida imekadiriwa kurasa 120 hivi. 123XL nyeusi, inayoingia kwenye printa ileile, kurasa 480 hivi. Hata kama XL inauzwa mara mbili ya ile ndogo, kila ukurasa unakugharimu nusu. Nimewaona watu wakichukua ile ndogo kwa sababu ndiyo inayolingana na fedha iliyo mfukoni siku hiyo, na ninawaelewa. Lakini kama kazi inaweza kusubiri mwisho wa mwezi, subiri ununue kubwa.

Makadirio hayo nayo yasomwe kwa akili. Yanatokana na vipimo vya kimataifa, ISO/IEC 24711 kwa printa za wino, ambapo kurasa maalumu za majaribio huchapwa mfululizo mpaka wino unakwisha. Nyumbani hatuchapi hivyo. Tunachapa kurasa tatu Jumatatu, kisha kimya mpaka Jumapili, na printa hutumia sehemu ya wino kujisafisha. Ukurasa wenye picha kubwa nao hunywa wino mara nyingi zaidi ya ukurasa wa barua. Mimi hupunguza makadirio kabla ya kupiga hesabu. Na katriji zinazokuja ndani ya boksi la printa mpya mara nyingi zina wino kidogo kuliko za dukani, kwa hiyo usizitumie kupima ulaji wa mashine yako.

3. Jua kichwa cha kuchapia kiko wapi

Katika printa nyingi ndogo za HP na Canon, matundu yanayorusha wino yamo kwenye katriji yenyewe. Ukibadilisha katriji umebadilisha na kichwa, ndiyo maana bei yake iko juu, na ndiyo maana matundu yakiziba hasara inaishia kwenye katriji. Epson huweka kichwa ndani ya mashine. Hapo wino mbovu ukiziba matundu, aliyeumia si katriji bali printa nzima, na fundi atakuambia bei inayokaribia ya mashine mpya.

Printa hizo za HP na Canon hurusha wino kwa joto la vipashajoto vidogo vilivyo kwenye kichwa. Canon husimulia kwamba mwaka 1977 mtafiti wao Ichiro Endo aliona wino ukiruka kutoka kwenye sindano baada ya kuguswa na chuma cha moto cha kulehemu, na wazo likaanzia hapo. Kwa mnunuzi wa leo jambo hili lina maana kubwa: wino unaopita ndio unaopoza vipashajoto hivyo. Katriji ikilazimishwa kuchapa ikiwa kavu, huungua. Anayetaka kujaziwa wino kwa bomba la sindano aipeleke katriji kwa fundi maandishi yanapoanza kufifia, asingoje yapotee kabisa.

4. Katriji ya rangi tatu hufa na rangi moja

Kamati ya harusi ikichagua kadi za maruni, nyekundu itakwisha huku njano na buluu zikiwa bado zipo, na katriji yote itabidi itupwe au ijazwe. Familia inayochapa rangi mara kwa mara itafute printa ambayo kila rangi ina katriji yake.

5. Mbadala si feki

Watu huchanganya mambo haya, na wauzaji wasio waaminifu hufurahia mchanganyiko huo. Katriji mbadala hutengenezwa na kampuni nyingine na huuzwa kwa jina la kampuni hiyo. Iliyojazwa upya ni ganda la zamani lililowekwa wino mpya. Zote mbili ni biashara halali. Mwezi Mei 2017, katika kesi ya Impression Products dhidi ya mtengenezaji wa printa Lexmark, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kampuni ikishauza katriji yake, haiwezi tena kutumia hataza kumzuia mtu kuijaza na kuiuza.

Feki ni ile iliyovalishwa nembo isiyo yake na kuuzwa kwa bei ya orijino, au chini yake kidogo. Hapo unaibiwa. Kagua lakiri ya boksi, skani msimbo wake kwa simu, na dai risiti ya EFD. Duka linalokataa kutoa risiti lisipate fedha yako. Ukiuziwa feki, Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia Tanzania Bara.

Anayenunua mbadala ajue pia kuhusu chipu. Mnamo Septemba 2016 baadhi ya printa za HP OfficeJet zilianza kukataa katriji zenye chipu zisizo za HP. Wateja walilalamika, na kampuni ikaomba radhi mwezi huohuo. Muulize muuzaji kama chipu inakubaliwa na printa yako ilivyo leo, na kama ataipokea katriji ukiirudisha isipokubaliwa.

6. Zima printa kwa kitufe chake

Ukizima ukutani, kichwa kinaweza kubaki njia panda bila kufunikwa, na wino hukauka kwenye matundu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, iwashe ukirudi, kisha uizime vizuri. Chapa ukurasa mmoja wa rangi kila wiki.

7. Karatasi itakwenda wapi?

Wino wa pigmenti hustahimili maji na jua kuliko ule wa rangi iliyoyeyushwa. Barua ya maombi itakayobebwa kwenye daladala wakati wa masika inastahili pigmenti. Karatasi ya mazoezi ya hesabu haihitaji.

8. Anayechapa sana aachane na katriji

Epson ilianza kuuza printa za matangi ya wino nchini Indonesia mwaka 2010, na sasa zimejaa steshenari zetu. Chupa nyeusi namba 103, ya mililita 65, imekadiriwa kurasa 4,500. Katriji nyeusi ya HP 652 imekadiriwa 360. Kwa mwalimu wa twisheni au katibu wa kikundi hapo hakuna mjadala: printa ya matangi ni ghali siku ya kwanza tu. Kwa anayechapa kurasa chache kwa mwezi, katriji bado inatosha.

Basi kabla ya kulipia printa yoyote, mpya au ya mtumba, uliza bei ya wino wake na idadi ya kurasa, ugawanye palepale kaunta. Muuzaji akishindwa kukujibu, nenda duka linalofuata.