SOMO: KWA NINI MTU ANYWE HATA AZIDIWE?

Somo hili halimhusu yule anywaye kila siku. Linamhusu yule akaaye wiki tatu bila kuonja, kisha ifikapo siku ya mshahara, au arusi, hunywa hata akarudishwa nyumbani amebebwa. Huyo hajihesabu kuwa mlevi, na sisi tunamnyamazia.

Tufanye hesabu kidogo kama darasani. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye nguvu ya asilimia 5 ina kileo safi kipatacho gramu 20. Shirika la Afya Duniani huhesabu gramu 60 au zaidi kwa mara moja kuwa unywaji wa kupindukia. Basi ni chupa tatu tu! Ini huondoa kama gramu 7 mpaka 10 kwa saa, wala haliharakishwi kwa kahawa wala kwa kuoga maji baridi.

Sasa watazame watu watano mezani. Desturi ni kununuliana kwa zamu. Kila mmoja akinunua raundi moja, na raundi moja huonekana si kitu, kila mtu amekwisha kunywa chupa tano, yaani gramu 100. Hakuna aliyekusudia tano. Lakini aliyekwisha kununuliwa ana deni, na aondokaye kabla ya zamu yake huitwa mchoyo. Nionavyo mimi, wengi hunywa kwa kuliogopa neno hilo kuliko kwa kiu.

Tena kileo hulegeza mapema ile sehemu ya ubongo inayotuzuia. Kwa hiyo shauri la kuacha huachiwa mtu aliyekwisha kupungukiwa na uwezo wa kushauri. Atakaye mbili na aseme mbili angali nyumbani, ale kwanza, na ajinunulie zake mwenyewe.

Wazee husema pombe ya mtama haikuwa hivi. Ni kweli nusu. Ilikuwa nzito, ikijaza tumbo mapema, na mara nyingi ilinywewa baada ya kulima pamoja. Ila nao walianguka. Pombe kali hufika upesi zaidi. Viroba, vile vipakiti vya bei ndogo, vilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Machi 2017, lakini gongo ingalipo.

Swali la kuzungumza: katika kamati ya arusi, baada ya kuhesabu kreti za bia, ni nani aliyeuliza mgeni asiyekunywa atapewa nini?