Pikapu Yako Inakula Lita Ngapi? Somo la Mafuta kwa Madereva na Vikundi vya Burat

Na Mwandishi Wetu, Burat

Katika Wadi ya Burat, pikapu ni gari la kazi zote. Asubuhi inabeba nyanya na vitunguu kutoka mashamba ya unyunyiziaji kando ya Mto Isiolo hadi sokoni mjini. Mchana inapeleka mbuzi kwenye soko la mifugo. Jioni inarudi na unga, simiti au mabati. Kiangazi kikikaza, pikapu hiyo hiyo inafungiwa trela yenye tangi na kuanza kuvuta maji kwenda kwenye maboma ya mbali.

Wakaazi wa Isiolo hawajasahau ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka wa 2020, ambapo misimu mitano ya mvua ilifeli kwa mfululizo. Wakati kama huo, bei ya mtungi wa maji haitegemei kisima peke yake. Inategemea pia dizeli iliyochomwa hadi maji yakafika. Dereva asiyejua gari lake linakula kiasi gani hupanga bei kwa kukisia. Akikisia juu, mama mwenye watoto analipa zaidi ya inavyostahili. Akikisia chini, kikundi kinafilisika na trela inaegeshwa wakati maji yanahitajika zaidi.

Katika somo hili tutajifunza kupima mafuta ya pikapu ikiwa katika kazi za kila siku na ikiwa inavuta trela, kuelewa yanakokwenda, na kupanga bei ya safari kwa hesabu.

Kwanza, acha kununua kwa shilingi pekee

Wengi wetu tukifika kituo cha mafuta husema, "Weka ya elfu moja." Hakuna ubaya kununua kulingana na mfuko. Shida ni kwamba shilingi haipimi gari. Kila tarehe 14 ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli (EPRA) hutangaza bei mpya zitakazotumika hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata, na bei hutofautiana kutoka mji hadi mji kwa sababu ya gharama ya usafirishaji. Kodi nazo hubadilika. Julai 2023, kodi ya thamani (VAT) kwa mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na Julai 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ukapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita.

Kwa hivyo elfu moja ya mwezi huu huenda isiwe na lita sawa na elfu moja ya mwezi uliopita. Ukiona gari "limeanza kula," huenda gari liko sawa na ni bei iliyopanda. Au huenda bei haikupanda, na ni injini inayougua. Utajua tu ukiandika lita na kilomita.

Namna ya kupima

Njia ya kwanza ni ya tangi kujaa. Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza. Andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Fanya kazi zako za kawaida kwa siku kadhaa, kisha rudi kwenye pampu ile ile, egesha vile vile, na ujaze tena hadi ijikate mara ya kwanza. Gawanya kilomita ulizoenda kwa lita zilizoingia. Ukienda kilomita 300 na zikaingia lita 30, pikapu yako inaenda kilomita 10 kwa lita.

Njia ya pili ni kwa asiyeweza kujaza tangi. Taa ya onyo la mafuta ikiwaka ukiwa mahali tambarare, weka lita 10 kamili na uandike kilomita. Taa ikiwaka tena mahali tambarare, andika tena. Rudia mara tatu na utafute wastani. Njia hii si sahihi kama ya kwanza, lakini ni bora kuliko kukisia. Usiendeshe hadi tangi likauke kabisa, kwani uchafu ulio chini ya tangi huvutwa kuelekea injini.

Kama mita ya kilomita imeharibika, tumia umbali unaoonyeshwa na ramani ya simu.

Pima mara mbili: pikapu ikiwa katika kazi za kila siku bila trela, na pikapu ikivuta trela. Hizo ni kama gari mbili tofauti. Kosa kubwa ni kuchukua kilomita kwa lita za siku za kawaida na kuzitumia kupanga bei ya siku za trela.

Mfano wa kikundi cha maji

Tuchukue mfano wa kikundi chenye pikapu na trela ya lita 1,000 za maji. Tuseme dizeli ni shilingi 170 kwa lita. Maboma wanayohudumia yako kilomita 24 kutoka kisimani, na wanauza mtungi wa lita 20 kwa shilingi 20. Mitungi 50 inawaletea shilingi 1,000 kwa safari.

Dereva anajua pikapu inaenda kilomita 10 kwa lita. Anahesabu kilomita 48 kwenda na kurudi, anapata lita 4.8, yaani shilingi 816. Kikundi kinaamini kinabaki na shilingi 184.

Kisha wanapima vizuri. Trela ikiwa imejaa, pikapu inaenda kilomita 6 kwa lita, hivyo kwenda peke yake kunakula lita 4. Ikirudi na trela tupu inaenda kilomita 8 kwa lita, na kurudi kunakula lita 3. Jumla ni lita 7, yaani shilingi 1,190. Badala ya kubaki na shilingi 184, kikundi kinapoteza shilingi 190 kila safari. Safari 20 kwa mwezi ni hasara ya shilingi 3,800, na hapo hatujataja tairi, fundi wala posho ya dereva.

Kwa nini wasigundue mapema? Kwa sababu mafuta hununuliwa kidogo kidogo, na pesa za maji na za mafuta hukaa katika mfuko mmoja. Hasara hujificha hadi siku tairi inapopasuka na hakuna pesa ya kununua nyingine.

Mafuta huenda wapi?

Pikapu inayovuta trela hupambana na vitu vinne.

Cha kwanza ni ardhi. Kwenye lami nzuri, kuvuta tani moja kwenye tambarare kunahitaji nguvu inayolingana na uzito wa kilo 10 hadi 15 hivi. Kwenye murram nguvu hiyo huweza kuongezeka maradufu, na kwenye mchanga laini wa laga inaweza kufika mara kumi au zaidi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo tangi la lita 1,000 ni tani nzima kabla hujahesabu trela yenyewe. Njia ndefu kidogo yenye ardhi ngumu mara nyingi huwa nafuu kuliko mkato wa mchangani.

Cha pili ni mlima. Mji wa Isiolo uko kwenye kimo cha mita 1,100 hivi juu ya bahari. Ukienda Nanyuki kupitia Timau, barabara inapanda kupita mita 2,000. Kuinua tani moja kwa mita 1,000 hula karibu lita moja ya dizeli juu ya ile ambayo ungetumia kwenye tambarare. Ukipanda na tani mbili za vitunguu, hesabu karibu lita mbili za ziada kwa mzigo peke yake. Injini isiyo na taabo huchoka zaidi huko juu kwa sababu hewa ni nyepesi.

Cha tatu ni upepo. Nguvu ya upepo dhidi ya gari huongezeka kwa mraba wa mwendo. Ukipunguza kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 80, nguvu hiyo inapungua kwa zaidi ya theluthi moja. Barabara ya lami kuelekea Archer's Post imenyooka na inashawishi mguu. Trela pana na turubai linalopepea huongeza adhabu hiyo.

Cha nne ni dereva. Kwa mujibu wa Idara ya Nishati ya Marekani, kuendesha kwa pupa, yaani kukanyaga kwa nguvu na kufunga breki ghafla, kunaweza kupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 kwenye barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 kwenye msongamano. Kila unapofunga breki unatupa mwendo ambao tayari umeulipia. Ukiwa na tani moja nyuma, unatupa zaidi.

Yanayookoa mafuta, na yasiyookoa

Mguu mwepesi ndio dawa ya kwanza, nao hauna gharama. Ondoka taratibu, tazama mbele, na ukiona matuta au mifugo barabarani ondoa mguu mapema.

Tairi ni ya pili. Tazama kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Mara nyingi kinaonyesha presha ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Tairi laini hula mafuta kiasi, lakini hatari yake kubwa ni kupata joto na kupasuka. Waliozoea kupunguza upepo ili kupita mchangani wakumbuke kuurudisha kabla ya kuingia lami. Usisahau tairi za trela.

Vumbi letu pia lina gharama. Filta ya hewa iliyoziba huinyima injini ya dizeli pumzi, moshi mweusi hutoka na nguvu hupungua. Wakati wa kiangazi ikague mara nyingi kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

Zima injini unaposubiri foleni ya kisima. Pikapu ya dizeli ikinguruma bila kwenda inaweza kuchoma nusu lita au zaidi kwa saa, na kiyoyozi kikiwashwa huongezeka.

Sasa lile lisilookoa. Madereva wengi wakiteremka kutoka Timau kuelekea Isiolo huweka fri wakiamini wanaokoa dizeli. Sivyo. Gari likiwa kwenye gia na mguu umeondolewa, injini huzungushwa na magurudumu na haipati mafuta, au hupata kidogo sana. Ukiweka fri, injini inahitaji mafuta ili isizime, na breki zinabeba uzito wote wa gari na trela. Zikipata joto kupita kiasi hazitashika. Teremka kwa gia ya chini.

Mzigo kamili, si mzigo kupita kiasi

Turudi kwa kikundi chetu. Tuseme trela na pikapu yao vimeruhusiwa kubeba lita 1,500, na safari sasa inakula lita 8 badala ya 7. Gharama ni shilingi 1,360, lakini mitungi ni 75. Mafuta ya kila mtungi yanashuka kutoka karibu shilingi 24 hadi karibu shilingi 18. Pikapu na trela vina uzito wao unaovutwa hata bila maji. Kadiri mzigo halali unavyokamilika ndivyo gharama hiyo inavyogawanywa kwa watu wengi zaidi.

Neno muhimu ni "halali." Kitabu cha gari kinaeleza uzito wa mwisho wa kuvuta, na kinatofautisha trela yenye breki zake na isiyo nazo. Panga mzigo ili takriban asilimia 10 ya uzito wa trela ikae pale inaposhikana na gari. Uzito ukienda nyuma sana trela huyumba. Tangi lililojaa nusu ni hatari pia, kwani maji hupiga mawimbi na kulisukuma gari kwenye kona.

Tafuteni vilevile mzigo wa kurudi. Ikiwa pikapu inapeleka nyanya mjini, iulizwe nani anahitaji mbolea au chakula cha mifugo kuletwa. Kilomita za kurudi bila kitu zinalipwa na mteja wa kwenda.

Kabla ya kununua pikapu

Kikundi kinachotafuta gari kijiulize: tunavuta siku ngapi kwa mwezi? Land Cruiser yenye injini ya lita 4.2 ya silinda sita inaheshimika kwa kazi ngumu, lakini inabeba injini hiyo kubwa hata ikienda dukani kuchukua mfuko mmoja wa unga. Kama mnavuta kila siku kwenye mchanga, gari zito lina haki yake. Kama mnavuta siku mbili kwa mwezi, pikapu ndogo ya dizeli yenye taabo inaweza kuwafaa siku 28 zilizobaki, na zile siku mbili mkakodisha. Fanyeni hesabu ya mwaka mzima, si ya siku ngumu pekee.

Zoezi la mwezi huu

1. Nunua daftari dogo ulikalishe ndani ya gari. Andika tarehe, kilomita, lita, bei na kama ulivuta trela.
2. Pima kilomita kwa lita bila trela, kisha ukiwa na trela iliyojaa, kisha ukiwa na trela tupu.
3. Gawanya gharama ya safari kwa idadi ya mitungi, magunia au mbuzi.
4. Soma hesabu hiyo mbele ya wanachama kabla ya kupanga bei.
5. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Kilomita kwa lita zikishuka na njia ni ile ile, mwone fundi.

Daftari hili lina faida kwa pande zote. Dereva anajikinga dhidi ya tuhuma za kuiba mafuta, mweka hazina anajua pesa zimekwenda wapi, na mnunuzi wa maji anaelezwa bei kwa hesabu anayoweza kuikagua. Mali bila daftari hupotea bila habari.