Usiweke Mifugo Yote Boma Moja
Somo kuhusu kujiandaa kustaafu



Hapa kwetu Oldonyiro kijana akipata kazi ya ualimu, ya uaskari au ya zahanati, watu wote hufurahi. Siku anapostaafu pia mbuzi huchinjwa na wazee humbariki. Lakini kati ya siku hizo mbili ni wachache wanaokaa chini na kujiuliza: karamu ikiisha, nitaishi vipi? Lisomeni somo hili nyumbani, mume na mke pamoja, au kikundini.

1. Jua tarehe, jua hesabu

Mtumishi wa serikali na mwalimu wa TSC hustaafu akiwa na miaka 60. Kabla ya 2009 ilikuwa 55. Mwenye ulemavu huendelea hadi 65. Kwa hivyo kustaafu si mgeni wa ghafla. Tarehe yake unaijua tangu siku ya kuajiriwa.

Aliye katika mpango wa zamani wa pensheni anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Chukua mshahara wa msingi wa mwaka, zidisha kwa miezi ya kazi, gawanya kwa 480. Tuseme mwalimu anapata mshahara wa msingi wa Sh 40,000 kwa mwezi, yaani Sh 480,000 kwa mwaka, na amefundisha miaka 30, yaani miezi 360. Pensheni yake ya mwaka ni Sh 360,000. Akiamua kuchukua robo yake kwa mkupuo, robo hiyo, Sh 90,000, huzidishwa mara 20. Anapewa Sh 1,800,000 mara moja, na robo tatu zilizobaki humpa Sh 22,500 kila mwezi.

Walio katika mpango mpya ulioanza Januari 2021 hesabu yao ni tofauti. Hao waulize kila mwaka wamewekewa kiasi gani.

Sasa angalia vizuri. Aliyezoea 40,000 ataishi kwa 22,500. Na ile milioni moja na laki nane haitarudi tena.

2. Mtego wa pesa za mkupuo

Hapo ndipo shida inaanza. Jamaa wanafika na karo, mwingine anataka pikipiki, mwingine analeta gari kuukuu la kuuza. Mwenyewe naye anataka kununua ng'ombe, kwa sababu bila mifugo mtu haonekani mtu. Kununua mifugo si kosa. Kosa ni kununua mifugo kwa pesa zote.

Sisi wenyewe tuliona. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na Isiolo yetu ilikuwa kati ya sehemu zilizoumia. Aliyekuwa na akiba nyingine alinunua chakula na akaanza upya. Aliyekuwa na ng'ombe peke yake alibaki na ngozi.

Na hili si jambo geni kwa wazee wetu. Mzee mwenye akili hakuweka mifugo yote boma moja. Wa maziwa walibaki karibu na nyumbani, wengine walipelekwa fora mbali na vijana, na wengine waliwekwa kwa marafiki na jamaa. Ugonjwa ukiingia upande mmoja, upande mwingine unabaki. Pesa za kustaafu nazo zichungwe hivyo hivyo.

3. Namna ya kugawa

(a) Kwanza lipa madeni. Usistaafu na mkopo ukidhani pensheni itaubeba.
(b) Tengeneza nyumbani: nyumba imara, na tangi la kukinga maji ya mvua.
(c) Weka akiba isiyokufa na ukame: sacco, benki, au dhamana za serikali kupitia Benki Kuu, ambapo unaweza kuanza na Sh 50,000.
(d) Nunua mifugo kiasi, na uuze wengine kabla ukame haujawakondesha. Mnyama mnene sokoni ni pesa. Akishakonda, mnunuzi ndiye anayepanga bei.
(e) Kumbuka matibabu. Ukiwa kazini mchango wa SHA hukatwa kwenye mshahara. Ukistaafu, ulipe mwenyewe.

Zaidi ya yote, kaa miezi kadhaa kabla ya kutumia kiasi kikubwa, na usiifiche familia. Mama asiyejua pesa ziko wapi atapata taabu sana siku mzee akifariki. Barua ya ajira, kitambulisho, namba ya pensheni na kitabu cha benki viwe mahali anapopajua.

4. Mzee hana likizo

Wengine hustaafu wakiwa na pesa lakini hawana la kufanya. Wanashinda dukani kutwa, na mwaka haujaisha wamezeeka. Tujifunze kwa desturi. Moran akimaliza umoran hatupwi. Anakuwa mzee, na kazi ya mzee ni kubwa zaidi: kusuluhisha, kupanga malisho na maji, kulea vijana. Mwalimu aliyestaafu anaweza kukaa katika kamati ya shule au ya maji, na muuguzi anaweza kuwafundisha akina mama. Chagua kazi hiyo ukiwa na miaka 55, usingoje 60.

5. Na asiyeajiriwa je?

Wengi wetu hatuna mwajiri, na uzee unatujia vile vile. Mzee aliyesajiliwa na Inua Jamii, akiwa ametimiza miaka 70, hupata Sh 2,000 kwa mwezi. Ni msaada, lakini haitoshi. NSSF hupokea pia michango ya mtu aliyejiajiri, na kikundi cha akiba cha akina mama ni mwanzo mzuri. Ukiuza mbuzi watatu, wa kwanza awe wa akiba. Haba na haba hujaza kibaba.

Maswali ya kujadili

1. Ukame ukija mwaka huu, ni sehemu gani ya mali yako itabaki?
2. Je, mke au mume wako anajua karatasi zako ziko wapi?
3. Katika kijiji chetu ni kazi gani inayomngoja mstaafu, na nani atamwalika?

Jibuni kwa ukweli, hata kama jibu linauma. Afadhali liume leo ukiwa bado na mshahara.