MAGUGU YA NJIANI HUHAMIA SHAMBANI

Wako wakulima wapaliliao mahindi yao mara mbili, tena vizuri, lakini njia iingiayo bomani na kiwanja kisichopandwa kitu huachwa vijiotee. Kisha mtu hushangaa kuona magugu yamerudi shambani. Yametoka njiani. Mbegu za kishona nguo hushika nguo za watu na manyoya ya mbuzi. Nyingine huchukuliwa na maji ya mvua au matope ya magurudumu.

Gugu la kuogopwa sana siku hizi ni gugu karoti, lililotoka bara la Amerika. Majani yake yafanana na ya karoti, na maua yake ni madogo, meupe. Hupenda kandokando ya barabara. Mmea mmoja waweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Huwasha ngozi, huleta shida ya kupumua, na ng'ombe akilila maziwa huwa machungu. Mwaka 2010 Serikali ya Kenya ililitangaza kuwa gugu baya, na sheria yamtaka mwenye ardhi aliondoe.

Fanya hivi:

1. Gugu karoti ling'oe pamoja na mzizi kabla halijatoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Vaa glavu na shati la mikono mirefu. Lililokwisha toa maua litie guniani, ulichome; usilitupe katika shimo la mbolea.

2. Njia ikwangue kwa jembe siku ya jua kali, ili mizizi ikauke. Kisha mwaga changarawe, uishindilie. Penye mteremko usikwangue, fyeka tu, maana mvua itachukua udongo.

3. Sangari usiikatekate, kwa kuwa kila kipande cha mzizi huota. Tumia jembe uma, kung'uta udongo, anika juani mpaka ikauke kabisa.

4. Kiwanja kitupu kipande nyasi ya Rhodes au viazi vitamu. Magugu yatakosa nafasi, na ng'ombe atapata chakula.

5. Ukitumia dawa, fuata maandishi ya chupa, wala usipulize wakati wa upepo. Dawa ipigwayo majani haiui mbegu zilizolala udongoni. Chumvi na oili chafu usimwage, huharibu udongo.

Wakati wa mvua kagua njia yako kila baada ya majuma mawili. Gugu karoti laweza kutoa maua mwezi mmoja tu tangu kuota, na mbegu zake zikianguka zitakusumbua miaka mingi.