Kwa Nini Msitu Hushiba na Shamba Huona Njaa? Somo kwa Wakulima wa Kakamega

Mtu apitaye kandokando ya Msitu wa Kakamega aweza kuona jambo la kustaajabisha. Upande mmoja wa njia imesimama miti mirefu ya miaka mingi, wala hapana aliyepata kuitilia mbolea. Upande wa pili, penye mvua ile ile, lipo shamba la mahindi mafupi yenye majani ya rangi ya zambarau, na huenda mwenye shamba alinunua mbolea kwa fedha zake. Kwa nini msitu ushibe na shamba liwe na njaa?

Sababu ni kwamba msitu haupeleki kitu sokoni. Jani likianguka huoza pale pale likawa mboji, na mizizi hulitumia tena. Mambo ya shamba ni kinyume. Mahindi huenda ghalani, mabua hulishwa ng'ombe au huchomwa jikoni, na mvua kubwa huchukua udongo wa juu mpaka mtoni. Wataalamu wamechunguza mashamba yaliyokatwa katika misitu ya Kakamega na Nandi kwa nyakati mbalimbali, mengine yakiwa yamelimwa kwa muda wa miaka 100 hivi. Waliona kwamba rutuba hupungua upesi sana katika miaka ya kwanza ya kulima, kisha shamba hubaki katika udhaifu huo.

Hesabu ya Gunia

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Basi na tuufungulie udongo daftari.

Mimea huhitaji vyakula vingi, lakini vikubwa ni vitatu: naitrojeni, ambayo hukuza majani, fosforasi, ambayo husaidia mizizi na mbegu, na potasiamu, ambayo huupa mmea nguvu. Magunia 10 ya mahindi, kila moja kilo 90, huondoka shambani na naitrojeni ya kilo 13 hivi. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya DAP una naitrojeni kilo 9 tu. Kwa hiyo mkulima avunaye magunia 10 na kurudisha mfuko mmoja, bado anadaiwa na shamba lake. Mabua nayo yakiondolewa, potasiamu nyingi huondoka pamoja nayo, maana humo ndimo ilimo zaidi kuliko katika punje.

Mmea wenyewe husema unapoona njaa. Jani la chini likigeuka manjano kuanzia nchani na kufuata mshipa wa kati, naitrojeni imepungua. Kingo za jani zikikauka kama zilizounguzwa, yafaa kushuku upungufu wa potasiamu. Mahindi machanga yakiwa na rangi ya zambarau, mara nyingi yamekosa fosforasi.

Fosforasi Iliyofungwa

Hapa pana fumbo. Fosforasi iliyomo katika mfuko mmoja wa DAP ni nyingi kuliko ile iliyochukuliwa na magunia 10 ya mahindi. Yawezaje basi majani kuwa ya zambarau?

Mashamba mengi ya Kakamega yana udongo wenye asidi. Mvua ya miaka mingi imeosha chokaa ya asili, yakabaki madini ya chuma na alumini, nayo huishika fosforasi isiweze kufikiwa na mizizi. Ni kama chakula kilichofungiwa kabatini huku watoto wakilia njaa. Tena mbolea kama DAP na urea zikitumiwa peke yake mwaka hata mwaka huzidisha asidi. Ndiyo sababu mkulima huweza kusema kwamba mbolea ya zamani ilikuwa na nguvu kuliko ya sasa. Mbolea haikubadilika, udongo ndio uliobadilika.

Ufunguo wa kabati hilo ni chokaa ya shamba. Mawe ya chokaa huchimbwa karibu, huko Koru katika Kaunti ya Kisumu. Chokaa yapasa kutiwa majuma kadhaa kabla ya kupanda na kuchanganywa vyema na udongo. Lakini chokaa si chakula; hufungua mlango tu. Wala isitiwe kwa kubahatisha, maana ikizidi nayo huleta hasara.

Vyakula Vilivyo Karibu

Samadi na mboji hulisha mmea, hushika maji, tena hupunguza ukali wa asidi. Samadi iliyoachwa juani na mvuani hupoteza nguvu, yafaa ifunikwe.

Tithonia, ule mmea wa ua wenye maua ya manjano na majani machungu, ni mbolea iliyosimama njiani. Kilo 100 za majani yake yaliyokauka zina naitrojeni kilo 3 na nusu hivi, na potasiamu kilo 4. Hata hivyo majani mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, na kuyabeba ni kazi nzito. Kwa hiyo yatumiwe karibu na mahali yaotapo. Fosforasi yake ni kidogo, nayo imetoka katika udongo ule ule.

Maharagwe, soya na desmodiamu huvuta naitrojeni kutoka hewani kwa msaada wa bakteria waishio mizizini. Desmodiamu ina faida ya pili: ikipandwa katikati ya mistari ya mahindi huzuia kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linyonyalo mizizi ya mahindi. Kisha hukatwa ikalishwa ng'ombe, na samadi ikarudi shambani.

Mpango wa Kazi

Kwanza, udongo upimwe. Mkulima achukue udongo mahali 10 au zaidi katika shamba, kina cha sentimita 20, aepuke kichuguu na jaa la samadi, auchanganye, kisha apeleke nusu kilo kwa Bwana Shamba au kwenye maabara ya udongo, kama ile ya KALRO huko Kabete. Pili, atie chokaa ikiwa kipimo kimeonyesha haja. Tatu, atumie samadi pamoja na mbolea ya dukani, kwa maana kila moja huisaidia nyingine. Nne, abadilishe mazao, azuie mmomonyoko kwa makinga-maji na nyasi, na kila mabaki yanayoweza kurudi shambani yarudi.

Mashamba ya Kakamega ni madogo, na kila kizazi huyagawanya tena. Haiwezekani kuyaongeza upana. Yawezekana kuyaongeza chakula, na mtoto atakayerithi nusu ekari yenye rutuba hatakuwa maskini kuliko yule aliyerithi ekari mbili zilizochoka.