Kutia Mafuta Cherehani

Mtu apitaye penye gulio husikia mlio wa cherehani barazani, na mwenye sikio lililozoea hujua mara moja kama cherehani ile yatunzwa au haitunzwi. Iliyotunzwa huenda kwa sauti moja nyororo. Isiyotunzwa hulia kama mlango wenye bawaba za kutu. Mafundi wengi wausikiapo mlio huo huzidi kukanyaga kwa nguvu, na hapo ndipo uharibifu uanzapo.

Katika zile nyeusi zenye nakshi za dhahabu, ambazo wengi wetu tulizikuta kwa wazee wetu, ziko za Singer zilizotengenezwa katika kiwanda cha Clydebank, Uskoti. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980. Basi hata iliyo changa kabisa katika hizo imepita miaka 40, nazo zingali zikishona kaptura za watoto wa shule. Chuma hakichoki upesi. Huliwa na chuma mwenziwe pasipokuwa na mafuta kati yao.

Lakini si mafuta yo yote. Mama mmoja, jirani yangu, alikuwa karibu kuiuza cherehani yake kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kuwa gurudumu halikugeuka hata kwa mikono miwili. Nilipomwuliza aliitia mafuta gani, alinionyesha chupa ya jikoni, mafuta ya alizeti. Mafuta ya mbegu yakipakwa membamba juu ya chuma hushikwa na hewa, yakawa mazito, kisha hugeuka kama ulimbo na kunasa vumbi. Ya nazi nayo huganda kwa baridi, hata katika nchi za milimani cherehani huwa nzito kila asubuhi. Mafuta machafu yaliyomwagwa katika injini ya gari ni mabaya zaidi, maana yana masizi na chembe za chuma. Yatakiwayo ni mafuta ya cherehani yenyewe, mepesi, meupe kama maji.

Cherehani ya yule mama tuliitia mafuta ya taa katika kila kiungo jioni, mbali na moto na taa, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi gurudumu lilianza kusogea kidogo kidogo, likitoa uchafu wa rangi ya kahawia. Tukaufuta wote, tukatia mafuta ya cherehani mara ile ile, kwa sababu mafuta ya taa huosha tu, hayalainishi. Ukiyaacha peke yake chuma kitasagana. Hakuiuza.

Kabla ya kutia mafuta, toa uzi, inua sindano, ufungue kibati kilicho chini yake. Katikati ya meno yavutayo kitambaa utakuta vumbi la nyuzi limeshindiliwa kama sufi ya mto. Vumbi hilo hunywa mafuta yote, chuma kisipate kitu. Lisugue kwa mswaki mkuukuu au unyoya wa kuku. Usipulize kwa kinywa, maana pumzi ina unyevu, na unyevu huleta kutu. Kisha geuza gurudumu polepole kuelekea kwako, ukitazama. Kila mahali chuma kisuguanapo na chuma patie tone moja, na katika kila tundu la mafuta tone moja. Ilaze cherehani nyuma, ufanye vivyo hivyo chini yake. Wengi husahau kanyagio na kile chuma kirefu kiliungacho na gurudumu kubwa, kisha hulalamika kwamba miguu yawauma.

Ukanda wa ngozi usitiwe mafuta kamwe, kwa kuwa utateleza. Ukilegea, ukate kidogo na kuuunga tena. Vile visahani viubanavyo uzi navyo viwe vikavu, au mshono utalegea na nguo ya mtu itachafuka.

Fundi ashonaye kutwa atie tone kila siku penye chuma kiizungukiacho bobini, na kwingineko kila juma. Ashonaye mara moja moja na atie kila aifunuapo cherehani iliyokaa sana. Ukiisha kutia, kanyaga kidogo bila uzi juu ya kitambara, ufute yaliyozidi, ukiache kitambara hicho chini ya sindano hadi asubuhi kinywe matone yatakayoshuka.